Mkaguzi Aliyesubiri Mvua

Watu wakiambiwa dada yangu Candida ni mkaguzi wa serikali, kwanza hujiweka sawa. Kisha huanza kujieleza, hata kama hakuna aliyewauliza kitu. Nimeshuhudia mwenye duka la viatu akimwonyesha leseni yake ya biashara msibani. Nimemwona katibu wa kwaya akimfafanulia kwa nini sare za mwaka ule zilichelewa. Candida huwasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu husema, "Sawa, nimekuelewa. Mimi nilikuwa naomba chumvi tu."

Mimi ni mdogo wake, Caroline. Duka la vyombo la wazazi wetu liko Kariakoo na ndiko tulikokulia, ghorofa ya kwanza, juu ya duka, mbele ya dirisha lililotuonyesha dunia nzima bila kutoka nyumbani. Baba na Mama walitoka Kibosho wakiwa wamefunga ndoa juzijuzi. Walianza kwa kuuza vijiko na vikombe barazani, mpaka wakafika kwenye sufuria, mabeseni na madumu yanayoning'inia hadi darini.

Tulipokuwa wadogo, masika ikipiga, mtaa wetu uligeuka ziwa. Majirani walikimbia kupandisha mizigo juu ya meza. Baba naye, akishamaliza kupandisha ya kwetu, alichukua beseni kubwa kuliko yote, akatuweka ndani na kutusukuma mpaka mlango wa jirani na kurudi. Mimi nilicheka mpaka nikapaliwa. Candida alikaa ametulia kama abiria, akatazama maji, kisha akauliza maji haya yanaenda wapi. Baba akamjibu kwamba yanaenda bonde la Msimbazi, halafu baharini.

"Mbona haya hayaendi?" Candida akauliza.

Baba akaligeuza beseni, akaturudisha mlangoni kwetu. Nadhani swali lile ndilo lililomsomesha dada yangu.

Alisomea uhasibu, akaajiriwa katika ofisi ya ukaguzi ya mkoa. Miaka ya mwanzo alishinda mezani na makaratasi, kama watu wanavyodhani wakaguzi wote wanafanya. Baadaye akahamishiwa kwenye kazi wanayoiita ukaguzi wa ufanisi, na hapo ndipo tulipoanza kumwona akirudi nyumbani na vumbi kwenye viatu na uso uliochangamka. Mama alimwuliza siku moja kazi hiyo mpya ni ya namna gani. Candida akamweleza kwamba ni rahisi: mtu akisema kisima kimejengwa, mwingine atakwenda kuangalia kama kweli kimejengwa. Yeye anakwenda kuangalia nani amechota maji leo asubuhi, na kama mwakani bado atachota.

Kuna shule moja ilijengewa vyoo vipya vya wasichana. Kila mtu alivisifu. Candida akaenda akakaa kibarazani wakati wa mapumziko, akaona wasichana wanavipita wanakwenda kuomba choo nyumba za jirani. Akawauliza. Milango haikuwa na makomeo. Aliandika hivyo hivyo, na haikupita muda makomeo yakafungwa. Siku aliyokwenda tena akakuta foleni ya wasichana mlangoni, alirudi nyumbani amejawa na furaha, akatusimulia habari ya makomeo kwenye chakula cha usiku mpaka wali ukapoa. Baba alimwambia hajawahi kusikia mtu akifurahia foleni ya choo. Candida akasema ni kwa sababu hajawahi kuiona.

Basi, mwaka ule akapewa mtaro wa Mtaa wa Mdalasini.

Mtaa huo uko Kariakoo, ila si kwetu. Ni mitaa kadhaa kando. Hata hivyo Candida alimwambia bosi wake, Mzee Ignasi, kwamba wazazi wake wanafanya biashara eneo hilo. Mzee Ignasi akaliandika kwenye faili, akamwambia aende, maana duka letu liko upande ambao mtaro haupiti. Halmashauri ilikuwa imejenga mtaro mpya, mpana, uliofunikwa kwa mabamba ya zege, ili mafuriko ya kila mwaka yaishe. Ulikamilika kiangazi. Ulikuwa unapendeza kweli. Mabamba yalinyooka, wauza soksi na chaja walikuwa wameshapanga bidhaa juu yake.

Aliyempokea ni mhandisi wa mradi, kijana anayeitwa Steven, mwepesi wa maneno, buti zake safi. Hakuwa mtu mbaya, na dada yangu hakuwahi kumsema vibaya. Alimtembeza kuanzia mwanzo wa mtaro hadi kona ya chini unapoungana na mtaro wa zamani, akimweleza kila kitu kwa fahari ya mtu aliyefanya kazi na jasho lake. Candida alipenda alichokiona. Mwishoni akauliza swali moja.

"Maji yamepita?"

"Yatapita," Steven akasema.

"Ndiyo, lakini yamepita?"

Steven akacheka, akadhani ni utani. Alipoona si utani, wiki iliyofuata alileta boza la maji. Wafanyabiashara wote wa mtaa wakatoka madukani kuangalia. Boza likafungua bomba kule juu, maji yakaporomoka kwenye mtaro, watu wakatembea nayo wakiyasikiliza yakinguruma chini ya mabamba. Yalipofika kona ya chini bila kutoka nje, watu wakapiga makofi. Mama mmoja wa vitafunwa akapiga kigelegele. Steven akamgeukia Candida akiwa anatabasamu.

Candida alimshukuru kwa kuhangaika. Kisha akasema boza si masika, na kwamba hoja yake itabaki wazi mpaka mvua inyeshe.

Hoja, katika lugha yao, ni swali ambalo mkaguzi ameliuliza kwa maandishi na halijajibiwa. Hoja ikiwa wazi, watu hawalali vizuri. Mgeni rasmi alikuwa ameshaalikwa kuzindua mtaro. Candida aliwaambia wazi kwamba uzinduzi haumhusu, wanaweza kukata utepe hata kesho. Yeye hawezi tu kuandika kitu ambacho hajakiona. Halmashauri wenyewe wakaona ni aibu kumleta mgeni kwenye mtaro wenye hoja. Wakaahirisha.

Mtaa ukanuna. Kamati ya wafanyabiashara ilikuwa imeshashona vitenge vya sare. Siku aliyopita kuchukua maelezo ya watu, wengi walijifanya wana wateja. Aliyemvutia kiti ni Mzee Bhupendra peke yake, mwuza vitambaa, Mhindi aliyezaliwa Dar na kuzeekea dukani mwake.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, binti yangu, kaa. Wasikusumbue hawa. Mimi nilifungua duka hili nikiwa na nywele. Huu ni mtaro mpya wa tatu kuuona, na yote ilikuwa mizuri kiangazi."

Akamweleza jinsi maji yalivyowahi kuingia dukani na kupanda mpaka kwenye marobota ya khanga, rangi zikachanganyikana, mkewe Lilavati akazianika kwenye roshani ya nyumba yao Upanga, jengo zima likaonekana kama lina harusi. Alisimulia akicheka, maana ilikuwa zamani. Mwisho akachukua namba ya simu ya Candida. Alisema mvua ya Kariakoo haina adabu, inaweza kupiga hapa huku Posta kuna jua, kwa hiyo yeye atamwita.

Ndivyo kulivyoanza kungojea. Candida akanunua mabuti ya mvua, akayaweka kwenye buti ya gari, na kila alikokwenda alikwenda nayo. Machi ikaingia na jua lake. Mawingu yalijikusanya asubuhi, mchana yakatawanyika. Mtaa wa Mdalasini ukaanza kumsamehe kwa namna ya Bongo, yaani kwa kumtania. Wakambatiza jina la Mama Masika. Akipita, wauza soksi wanamwuliza mzigo wake umekwama bandarini au vipi. Steven naye akaingia kwenye mchezo, kila siku ya jua kali alimtumia ujumbe, "Leo kumekucha vizuri, dada," na Candida alijibu, "Nimeona, Mhandisi. Nipo."

Wakati huohuo nyumbani kulikuwa na jambo jingine. Candida alikuwa anaolewa.

Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na Mama alikuwa ameshaacha kuuliza. Mwaka mmoja kabla, akikagua mtaro mwingine huko Ilala, alitumbukia shimoni akateguka kifundo cha mguu. Alipelekwa hospitali moja huko Upanga kupigwa picha ya mfupa. Mpiga picha alikuwa mwanamume mpole mwenye miwani, Benedict, na alipomwuliza ameumiaje, dada yangu alimweleza mtaro wote, pamoja na mteremko wake, hadi akamchorea nyuma ya karatasi ya daktari. Benedict alisubiri amalize. Akamwambia mfupa ni mzima, hahitaji kurudi hospitali, lakini angefurahi kama angerudi kumalizia habari ya ule mtaro. Candida akarudi.

Kwa kuwa kanisani kwetu hakuna harusi wakati wa Kwaresima, siku ziliangukia baada ya Pasaka. Sendofu, sherehe ya kumuaga bibi harusi kwao, ikapangwa Ijumaa, kwenye ukumbi ulioko Ilala. Mjomba mmoja aliuliza mvua je. Mama akasema mwaka huu hakuna mvua, hata Candida ameikosa.

Ijumaa hiyo, mchana, tulikuwa saluni kwa Leticia, Kariakoo. Candida alikuwa ameshavaa gauni lake la kijani kibichi lililobana juu na kufunguka chini, uso umepambwa, nywele zinamaliziwa. Mimi nilikuwa nimeshika viatu vyake vya dhahabu mapajani, navilinda kama yai. Nje, kikundi cha matarumbeta kilikuwa kimeshapanda pikapu kinatungoja, kiongozi wao Uwesu akipulizapuliza tarumbeta kulipasha moto. Kazi yao ilikuwa kumsindikiza mwali mpaka ukumbini.

Kwanza saluni iliingia giza. Halafu bati la jirani likaanza kulia tone moja moja. Leticia akasimamisha kitana hewani. Kabla hatujasemezana, mvua ikashuka yote kwa pamoja, kwa kishindo, kama mtu aliyemwaga karai, na simu ya Candida ikaita.

Ilikuwa sauti ya Mzee Bhupendra, na nyuma yake mvua ileile.

"Binti, imekuja."

"Nyingi?"

"Wewe njoo."

Candida akanitazama kwenye kioo. Nilikataa hata kabla hajafungua mdomo.

"Caro, nusu saa tu."

"Dada, watu wamejaa ukumbini. Mama atanimaliza mimi, si wewe."

"Hii mvua nimeingoja tangu Januari. Mama atanisubiri nusu saa."

Nilimgeukia Leticia anisaidie. Leticia alikuwa ameshachukua kofia ya plastiki ya saluni anaivalisha juu ya nywele alizokuwa akizihangaikia tangu asubuhi, na juu yake akafunga mtandio, kwa ufundi, akasema hapo hata bahari haitapenya. Candida akatoka chini ya mwamvuli hadi kwenye gari, akabadilisha viatu, akakunja gauni mpaka magotini akalibana kwa mkanda wa koti langu. Nikampigia simu Benedict. Nilidhani yeye ndiye atamzuia.

Uwesu yeye hakuwa na maswali. Kamati ilimwambia popote mwali anapokwenda, matarumbeta yawe nyuma yake. Akatazama mwali anaondoka kwa miguu, upande usio wa ukumbi, kwenye mvua, akawaambia vijana washuke. Wakafunika ngoma kwa turubai, wakapanga mstari, wakaanza kupiga.

Sijui nitaielezaje Kariakoo ya dakika zile. Wamachinga walikuwa wanakimbiza bidhaa barazani, maturubai yanavutwa, makuli na mikokoteni wamejibanza chini ya vibaraza. Katikati ya barabara iliyoanza kuwa tupu akapita bibi harusi mwenye mabuti ya mvua na kofia ya saluni, anatazama chini muda wote kama aliyedondosha pete, na nyuma yake matarumbeta yanalia kwa nguvu zote. Watu waliinua simu. Wanawake waliokuwa dirishani wakapiga vigelegele bila kujua wanashangilia nini. Mtu mmoja alimwuliza mwenzake kama huo ndio mtindo mpya, na mwenzake akasema hao lazima wametoka kwa matajiri, Mikocheni.

Tulipoingia Mtaa wa Mdalasini kwa juu, Candida alisimama. Maji yalikuwa yanakuja kwa wingi kutoka mitaa ya jirani, yanafika kwenye vidomo vya mtaro, yanatumbukia. Barabara ilikuwa imelowa lakini haikuwa na dimbwi hata moja. Miaka yote hapo ungekuwa unapita maji magotini. Niliona midomo ya dada yangu ikitetemeka, nikadhani ni baridi, kumbe alikuwa anajizuia asicheke.

Mzee Bhupendra alikuwa mlangoni mwake, suruali ameikunja. Alimwangalia Candida kuanzia kofia mpaka mabuti, akarudi ndani, akatoka na ile mita ya mbao anayopimia vitambaa. "Utaihitaji," akasema, wala hakuuliza kitu kingine.

Tukaendelea kuteremka. Bajaji ikatupita ikasimama mbele yetu, akashuka Benedict, suti ya bluu, ua kifuani. Nikamkimbilia nikamwambia azungumze na mwenzake, maana mimi nimeshindwa. Benedict alimtazama Candida, akatazama maji. Akavua viatu na soksi akaviacha kwenye bajaji, akapandisha suruali.

"Nishike nini?" akauliza.

Candida akampa mita. Pale nilijua hii ndoa itadumu, na kwamba tutachelewa.

Kwenye kona ya chini mambo yalibadilika. Pale mtaro mpya unapoingia kwenye ule wa zamani, maji yaliyokuwa yakienda mbio yalisita. Kwa kitambo yalizunguka palepale. Halafu yakaanza kupanda, yakachungulia kwenye nafasi za mabamba, yakatoka barabarani na kuanza kurudi juu taratibu yalikotoka. Matarumbeta yakanyamaza yenyewe. Benedict aliingia mpaka katikati, akasimamisha mita, akawa anapaza sauti ya vipimo huku Candida akivirudia kwenye simu yake na kurekodi, maana karatasi ingeyeyuka. Kisha akapiga simu kwa Steven.

Steven alifika haraka kuliko tulivyotegemea. Nadhani naye alikuwa ameshatoka ofisini mvua ilipoanza, mwamvuli wake umegeuzwa na upepo. Alisimama kando ya dada yangu akatazama maji yanavyorudi. Akachuchumaa, akachungulia kwenye nafasi za mabamba.

"Mdomo wa mtaro wa zamani ni mwembamba," akasema mwishowe.

"Na kuna kitu kimeuziba."

"Na kuna kitu kimeuziba." Akajifuta uso. "Boza lisingeonyesha hiki."

"Hata mimi kiangazi nisingekiona," Candida akamwambia. "Lakini kule juu mtaro wako unafanya kazi vizuri sana, Mhandisi. Maduka yote ya juu ni makavu. Hilo nalo naliandika."

Steven akamgeukia. Nafikiri alikuwa amejiandaa kwa kila neno isipokuwa hilo. Ndipo kwa mara ya kwanza akaona gauni, kope za bandia, na mwanamume mwenye ua kifuani aliyesimama kwenye maji.

"Dada, una shughuli leo?"

"Sendofu."

"Ya nani?"

"Yangu."

Steven akaweka mkono mdomoni. Kisha akatuomba tuondoke upesi, yeye atabaki mpaka mvua iishe na vipimo vyote atamtumia. Candida akamwambia avipime, kisha aje ale.

Tulifika ukumbini tumechelewa mno. Msema chochote, yaani MC wa sherehe, alikuwa amemaliza vichekesho vyake vyote na sasa alikuwa anawauliza watu mafumbo. Mama alisimama mlangoni, kilemba chake kimesimama kuliko yeye. Akaangalia pindo la gauni lililogeuka kahawia. Akaangalia miguu mitupu ya mkwe wake mtarajiwa. Mimi nilijificha nyuma ya ngoma.

"Yanapita?" Mama akauliza.

"Juu yanapita, Mama. Chini yanarudi."

"Basi waambie washughulikie huko chini. Sasa ingieni, ndafu inapoa."

Viatu vya dhahabu nilikuwa nimevisahau saluni. Kwa hiyo dada yangu aliingia akicheza na mabuti ya mvua, na kila alipokanyaga maji yaliyokuwa ndani yake yalitoa sauti, na Uwesu akaikamata ile sauti akaifanya mdundo. Shangazi zetu waliotoka Kibosho walicheka mpaka wakashikana. Baba, ambaye si mchezaji, alinyanyuka kwenye kiti chake akaenda kucheza na binti yake, na wote wawili hawakutaka kuacha.

Steven alikuja jioni, nguo zimekaukia mwilini, akawekwa meza moja na Mzee Bhupendra na Mama Lilavati, ambao, kwa kuwa hawali nyama, waliandaliwa mboga zao na ndizi. Mbuzi mzima wa kuchoma alipoingia na jani mdomoni, Mama Lilavati aligeuza kiti akatazama wanaocheza. Wale wanaume wawili hawakuona ndafu wala wachezaji. Mzee Bhupendra alikuwa anakiri kwamba maboksi na nailoni zinazoziba ile kona zinatoka kwao wenyewe, wenye maduka, wanaofagia mzigo wa taka mtaroni wakifunga jioni. Steven akasema na yeye alipaswa kuupima mtaro wa zamani kabla ya kujenga mpya. Waliongea hivyo mpaka keki ikakatwa.

Baada ya harusi Candida akaandika ripoti yake. Ilisema kilichofanya kazi na kisichofanya. Ilitaka mdomo wa kona ya chini upanuliwe, uwekewe wavu wa kukamata taka, na halmashauri ikae na wafanyabiashara kupanga nani anausafisha na lini, kwa sababu mtaro usio na mwenyewe ni shimo tu. Nilimwuliza kama haimuumi kuona kosa na kutolirekebisha mwenyewe. Akaniambia wao hawashiki koleo. Kazi yao ni kuuliza mpaka mwenye koleo asikie, na kurudi tena kuangalia, ili kinachojengwa leo kimfae na mtoto ambaye hajazaliwa. Serikalini wanaita maendeleo endelevu. Yeye huita maji kupita hata kwenye mvua ya pili.

Mwenye koleo alisikia. Steven alichimbua kona yote, akaweka kalvati pana la kupitishia maji. Wafanyabiashara wakakubaliana kusafisha kila Jumamosi asubuhi kabla ya kufungua, na akina mama wanaokusanya maboksi wakapewa kibanda mwisho wa mtaa; siku hizi boksi halifiki chini, linadakwa mlangoni. Mgeni rasmi alikuja akakata utepe, vile vitenge vya sare vikavaliwa. Candida hakuwepo. Alikuwa wilaya nyingine, amekaa juu ya tangi la maji la zahanati, anangoja kuona kama litajaa.

Masika iliyofuata nilikwenda naye kufunga hoja. Mvua ilikuwa kubwa kuliko ya mwaka wa nyuma. Steven alitutangulia kwenye kona ya chini, na wote wawili wakasimama pale wakiyaangalia maji yanavyokuja, yanavyoinama, yanavyopita na kwenda zake Msimbazi. Steven alimwambia ana mtaro mwingine anataka kuanza kuujenga, akamwomba aje auone mapema, kabla ya zege. Candida alimjibu kwamba mkaguzi hawezi kusaidia kujenga kitu ambacho kesho atakikagua, lakini ripoti yake ya hapa ni ya wote, aisome tena. Steven akasema ameisoma mpaka ameikariri.

Tukapandisha mtaa chini ya miavuli. Maduka yote yalikuwa wazi. Muuza juisi alikuwa anauza juisi. Wanawake wawili walikuwa wanabishana juu ya bei ya pazia kama vile nje kuna jua. Candida alitaka kumsalimia Mzee Bhupendra, tukasimama mlangoni mwake tunangoja atuone. Hakutuona. Alikuwa anamwapia mteja kwamba ile rangi ya zambarau haichuji, mteja anasema wauzaji wote wanasema hivyo, na mzee amekasirika, ananyoosha kitambaa kwenye mwanga, mvua inapiga nyuma yetu kwa nguvu zake zote na yeye hata hageuki kuitazama.

Nilitaka kumwita. Candida akanishika mkono.

"Mwache," akasema. "Ana kazi."

Akasimama pale muda mrefu kidogo, akiangalia, kwa uso uleule wa siku ya makomeo.